Gundi ya Mwanamke wa Chupa

Tabita tumemzika Jumanne. Alhamisi asubuhi binti yake Ester akaja hapa kwangu Mabwerebwere, kajitanda kanga ya msiba, macho yamevimba, akasema shikamoo nikaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni badala ya kiti. Nikampa chai ya rangi na kiazi kilicholala, kwa sababu nyumba ilikuwa haijapika. Alikula nusu. Halafu akauliza, "Mama mdogo, yule mwanamke wa chupa bado yupo?" Yupo. Yumo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, amefungwa ndani ya leso iliyopauka, miaka yote hii. Lakini mtu akimtaka mwanamke huyo ni lazima amtake na habari yake, na habari yake mjukuu wangu Neema ameshaieneza chuoni kwao vibaya. Neema anasomea uuguzi, nasema kwa kujisifu na sioni haya, hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyefika huko. Anawaambia wenzake kwamba bibi yake aliwafundisha wakunga wa milimani kwa akili zake mwenyewe. Ananifanya mjanja. Mimi sikuwa mjanja. Nilikuwa msichana wa darasa la nne anayepika uji na kufagia zahanati, na nilikosea kuchagua gundi.

Ulikuwa mwaka wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanaukumbuka: maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakaanza kupendeza, ndoo za plastiki nyekundu na bluu zikaning'inia milangoni kama matunda, mitumba ikapanda hadi kwetu juu milimani kwa vichwa vya watu. Tulifurahi, nisidanganye. Nilinunua sketi ya kizungu yenye vifungo vya dhahabu nikaivaa kanisani mpaka mchungaji akanitazama mara mbili. Lakini ruksa hiyo hiyo ilikuja na maneno mengine. Zahanati yetu ya misheni ikaanza kumwambia mama mjamzito aje na wembe wake, uzi wake, glavu zake na mafuta ya taa ya kuwashia. Asiye navyo alibaki nyumbani kwa Bibi Yunisi.

Bibi Yunisi alikuwa mkunga wa kijiji chetu kabla mimi sijazaliwa, na mimi mwenyewe nilitokea mikononi mwake. Mfupi, mweusi, vidole virefu kuliko mwili wake. Watu walimwamini kuliko walivyoiamini zahanati, na walikuwa na sababu. Ila alikuwa na jambo moja: hakupenda kushindwa. Uchungu ukikwama alisema subiri, akachemsha majani, akasema subiri tena. Mwaka mmoja kabla ya ule ninaousimulia, Tabita alisubirishwa siku tatu. Tabita alikuwa rafiki yangu tangu tunachota maji kwa vibuyu, na alikuwa ameolewa na mjukuu wa Bibi Yunisi, kwa hiyo kumkimbia bibi huyo kwenda kwa nesi ingekuwa kumtukana mbele ya ukoo mzima. Mtoto alitoka miguu kwanza, kichwa kikabaki, akafa pale pale kati ya kutoka na kutotoka. Tabita akapona kwa shida. Mwezi lilipofika boksi la huyu mwanamke wa chupa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi sita, anakaa kwenye ngazi ya jiko langu akimenya mihogo, hasemi lolote juu ya tumbo lake. Nilimuuliza mara moja tu, "Safari hii utakwenda hospitali Kilosa mapema?" Akaendelea kumenya. "Bibi akisema," akanijibu. "Mimi nikisema nani atanisikia?"

Boksi lilikuja ndani ya mzigo wa misaada, katikati ya bandeji na maziwa ya kopo. Nesi wetu, Mama Agripina, mwanamke mnene kutoka Ukerewe mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilifungua kwenye chumba cha stoo, chumba chenye dirisha moja na harufu ya dawa ya lisoli inayouma pua. Juu ya boksi palikuwa na picha: mwanamke amesimama, ngozi yake kama kioo, ndani unaona mifupa, ini, mapafu, na tumboni mtoto. Ndani ya boksi hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na vipande vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki, mbavu hapa, nusu ya kichwa pale, karatasi ya maelezo ya Kiingereza yenye picha ndogondogo, na tyubu ya gundi iliyokauka ngumu kama mavi ya mbuzi. Nesi akaishika tyubu, akaibonyeza, akacheka kwa hasira. "Wametuletea mtu wa kujijengea." Wiki mbili baadaye alikuwa na semina ya wakunga wote wa milima ile, na alikuwa ameshawaahidi wali na nyama ya mbuzi ili waje. Alitaka wakamwone mtoto anavyokaa tumboni, waone kwa macho, kwa sababu maneno alikuwa ameshawaambia miaka minne na hayakuingia. Mkunga mmoja alitakiwa aone kuliko wote. Hakumtaja, akamtazama Tabita kupitia dirishani. Halafu akaniwekea boksi mikononi. "Damari, wewe unashona vikapu. Nijengee huyu mwanamke."

Nilianza na nilichokijua. Uji wa ngano, ule wa kubandikia bahasha, ulikauka ukabanduka wenyewe kama ukoko. Gundi ya fundi viatu ilishika kidogo, lakini ilikuwa na rangi ya kahawia na ilivutika nyuzi nyuzi, na kipande cha mguu nilichokijaribia kikaonekana kama kimetoka chooni. Nikakikwangua kwa wembe. Ndipo mwenda sokoni mmoja akaniletea kutoka Mikumi kitu kipya cha ruksa, supaglu, tyubu ndogo kama kidole cha mtoto, ambayo machinga waliwauzia abiria wa mabasi wakipiga kelele kwamba inashika hata chuma. Nikatia tone. Ikashika kabla sijapumua. Ilishika na vidole vyangu viwili, nikapika ugali wa mchana ule na vidole vimeungana kama vya bata, Tabita anacheka mpaka anajishika tumbo. Ni siku ya kwanza kumsikia akicheka tangu amzike yule wa kwanza.

Siku mbili nilijenga kama nimepagawa. Karatasi ilikuwa na picha ya tyubu karibu na kila kiungo, na kwenye picha chache tyubu ilikuwa na mstari umeikata katikati. Nikajiambia mstari unaonyesha pa kupaka zaidi. Hivyo nilipofika kwa mtoto nikapaka zaidi. Nilimweka ndani ya nyumba yake ya uzazi nikamkalisha vizuri, kichwa juu, miguu chini, kama mtu mwenye heshima anavyokaa. Nani angenieleza kuwa mtoto anakaa kichwa chini? Nilikuwa sijazaa. Nikamfunika tumbo kwa kifuniko chake cha plastiki inayoonyesha kama kioo, nikamwacha alale stooni, nikaenda nyumbani nikitembea kama niliyejenga kanisa.

Asubuhi nesi aliniita kwa jina langu lote. Nilikuta amesimama mbele ya meza na mikono kiunoni. Kifuniko cha tumbo kilikuwa kimepata ukungu mweupe ndani, mweupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho, huoni kitu. Akakifungua, na hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi. "Umemgundisha mtoto!" akasema. "Huyu anatakiwa atoke, Damari! Atolewe, ageuzwe, wamrudishe, wamshike! Mstari huu maana yake usipake! Na kichwa juu! Wewe umeona wapi?" Akajaribu kumvuta kwa kucha, mtoto hata hakutikisika, na nyumba nzima ya uzazi ikaanza kulia kak, kak, akaogopa kuivunja akaacha. Aliketi juu ya kopo la maziwa. Sauti yake ikashuka, na hiyo iliniumiza kuliko kelele. "Yule bibi anakuja Jumatano. Akiona kichekesho hiki hatakuja tena. Na rafiki yako atazaa palepale alipozalia mwanzo."

Nikashuka Mikumi. Kutoka kwetu ni kutembea mpaka Ulaya, Ulaya yetu ya Kilosa, halafu kusubiri lori la mbao, kupanda juu ya mbao, kufika na meno yamejaa vumbi. Nilibeba kijiti kimoja cha plastiki kilichobaki na kile kifuniko chenye ukungu, nimevifunga kwenye leso. Machinga wa supaglu waliponizunguka niliwapita. Nilisimama kwenye gereji moja ya kando ya barabara kuu, ambako kijana mmoja fundi rangi, Hamisi, alikuwa anapaka mlango wa lori la Zambia, ameziba pua kwa kitambaa.

"Dada, unatafuta nini?"

"Gundi."

"Ya kugundisha nini?"

"Mwanamke."

Wenzake wote wakaacha kazi. "Mwanamke hagundishwi, dada," akasema Hamisi, "anatolewa mahari." Wakacheka mpaka dereva wa lori akatoa kichwa. Nikawaacha wacheke wamalize, halafu nikafungua leso. Aliposhika kile kijiti hakucheka tena, kwa sababu mafundi ndivyo walivyo, ukiwawekea kitu mkononi wanatulia. Akavunja chembe, akaichoma kwa kiberiti. Moshi ukatoka mweusi wenye masizi na harufu tamutamu, kama maua yaliyooza kwenye chupa. "Sio plastiki ya ndoo hii," akasema. "Ya ndoo ukiichoma inanuka mshumaa, na haisikii gundi yoyote, ile mpaka chuma cha moto. Hii inasikia tina." Akachovya unyoya wa kuku kwenye kopo la tina, ile wanayochanganyia rangi za magari, akakata kijiti vipande viwili, akavishikanisha, akagusa unyoya pale vilipokutana. Nikaona maji yale yakikimbia yenyewe kwenye ufa, yakiufuata, yakaisha. Alihesabu taratibu, akanipa. Nilivuta. Nikavuta kwa meno. Hakukuwa na mahali pa kuachania tena. "Supaglu inakaa katikati kama mgeni," akaniambia. "Tina haikai. Inaziyeyusha zote mbili kidogo, zinaingiliana, yenyewe inakwenda zake. Ila usimwage nyingi, itakula." Kisha akakiangalia kifuniko. "Ulimfunika kabla gundi haijakauka. Moshi wake umekosa pa kutokea, umelala kwenye kioo. Sugua kwa dawa ya meno na pamba, kwa upole, kama unamsafisha mtoto uso." Nikamweleza aibu yangu nyingine, ya yule mtoto. Hakucheka hata kidogo. "Supaglu ina nguvu ya kuvuta, haina nguvu ya kugongwa. Chukua kisu, gonga kidogo kwa mpini, ataruka mwenyewe." Akanijazia tina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaiziba kwa gunzi la mahindi. Sikumwona tena maishani mwangu, na kazi yake bado ninayo.

Nilirudi nikamjenga upya. Mikono, kichwa, mgongo, vyote kwa unyoya. Kifuniko nilikisugua siku nzima na siku ya pili mpaka vidole vikanuka minti, ukungu ukaondoka wote isipokuwa doa dogo upande wa kushoto ambalo halijatoka hadi leo. Mtoto tu ndiye aliyebaki. Nesi alisema tumgonge Jumatano asubuhi, yeye mwenyewe akiwa ameshika, kwa sababu hakuniamini tena. Lakini Jumatano Bibi Yunisi alifika kabla ya chai. Nilikuwa jikoni napepeta mchele nikawasikia nje ya ukuta, yeye na wenzake wawili waliotoka kijiji cha pili, wanavua viatu.

"Wanasema wametuletea mwanamke wa chupa."

"Wa chupa! Ana maziwa?"

"Mpaka utumbo anao, anaonyesha."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya wali," akasema Bibi Yunisi.

Wakaingia. Yule mwanamke alikuwa amesimama juu ya meza ya stoo, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, mwanga wa dirisha unampita. Wakaizunguka meza. Halafu Bibi Yunisi akafanya jambo ambalo hakuna kitabu kingelijua: akavua leso yake ya kichwani, akamfunga yule mwanamke kuanzia kifuani. "Hata kama ni wa chupa," akasema, "hasimami uchi mbele za watu." Ni baada ya kumsitiri ndipo akamtazama. Aliinua leso pembeni kama anavyoiinua kwa mama yeyote, akaondoa kifuniko, akainama. Nesi alikuwa mlangoni na kisu mkononi, amechelewa.

Bibi aliingiza kidole kimoja kati ya mifupa ya nyonga, akapima, akakitoa, akapima kichwa cha yule mtoto kwa kidole hicho hicho. Akarudia. Sijapata kumwona mtu akitazama kitu namna ile. "Huyu hatoki," akasema. "Miguu itapita. Kiwiliwili kitapita. Hapa," na akaweka ukucha shingoni pa mtoto, "hapa patashikwa." Akauondoa ukucha. Kisha, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo, "Wa Tabita alikaa hivi. Nami nikasema subiri." Wale wenzake wakatazama chini. Nesi akakificha kisu ndani ya mfuko wa koti. Bibi Yunisi akageuka. "Nani amemweka huyu mtoto hivi?"

Nikasema, "Mimi."

"Ulijuaje, mjukuu wangu?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema kweli. Ningeweza kusema sikujua, Bibi, nilidhani anakaa kama mtu anavyokaa kwenye kiti. Nilimtazama nesi, naye akanitazama, na mdomo wangu ukabaki umefungwa. Bibi Yunisi akauchukua ukimya ule akaufanya heshima. Akanishika bega. "Msimtoe," akamwambia nesi. "Huyo abaki hivyo hivyo. Huyo ndiye wa kutazamwa." Semina yote ikaendeshwa juu ya mtoto aliyegundishwa kwa makosa, nesi akageuza maneno yake yakafuata, na walikula wali na mbuzi mpaka ukoko wa sufuria. Bibi Yunisi alikula kidogo sana.

Miezi mitatu haikuisha. Alimpapasa Tabita tumboni kila wiki, na wiki moja akakuta kigumu cha mviringo kiko juu, chini ya mbavu. Hakuchemsha majani. Alimfungia Tabita mzigo mwenyewe, wembe, uzi na kanga tatu, akamshusha mlima kwa mguu, yeye mbele na fimbo, Tabita katikati, mimi nyuma na godoro kichwani. Kule barabarani alisimamisha lori kwa kusimama mbele yake. Hospitali ya Kilosa walimpasua Tabita siku ya pili, akatoka Ester, mzima, analia. Bibi Yunisi aliketi kwenye benchi ya nje siku zote nne, hakukubali kulala kwa mtu, na daktari alipompa pole alimjibu, "Mimi sijaumwa."

Tangu mwaka ule hakumsubirisha mama yeyote zaidi ya siku moja. Alifariki akiamini kwamba mimi nilijua. Nesi naye alihama, hakusema. Tabita sikumwambia, na tulikuwa tunasemezana kila kitu, hata mambo ya waume zetu. Mara nyingi nilijiuliza ningepoteza nini. Ningepoteza lile bega lililoshikwa. Zahanati ilipopata vifaa vipya, yule mwanamke akatupwa nyuma ya choo, nikamwokota na leso yake. Nilijiambia namtunza kwa ajili ya Bibi. Uongo. Nilikuwa naficha ushahidi.

Basi Alhamisi hii nilimvuta kutoka chini ya kitanda nikamweka juu ya meza, mbele ya kikombe cha chai cha Ester. Ameparara kidogo, lakini viungo vya Hamisi havijaachia hata kimoja. Ester akafungua kifuniko, akamtazama yule mtoto. "Mama alisema na mimi nilikaa hivi."

"Hivyo hivyo. Mkaidi toka humo ndani."

"Ulijuaje, mama mdogo?"

Swali lile lile, maneno yale yale. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mstari uliokata tyubu, kichwa juu kama mtu wa heshima, kisu mfukoni mwa nesi. Nilitegemea atakasirika, au atanionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Alifuta pua kwa pembe ya kanga. "Kwa hiyo mimi nipo kwa kosa lako."

"Kwa kosa langu na kwa macho ya Bibi Yunisi. Kosa peke yake lisingekufikisha Kilosa."

Nje walikuwa wanapita watu wa sokoni, bodaboda inapiga honi. Kisha Ester akasema, "Bibi alikataza asitolewe. Bibi hayupo. Na mama hayupo sasa. Mtoe, mama mdogo. Amekaa hivyo siku nyingi mno."

Nikachukua kisu cha kumenyea viazi. Nikamshika yule mwanamke mgongoni, nikamgonga kwa mpini, mara moja, taratibu, kama nilivyofundishwa. Hakutoka. Nikagonga tena. Kak. Akaruka, akaanguka kwenye kanga ya Ester, mwepesi kama punje ya mahindi. Ester alimwokota kwa vidole viwili. Akamtazama mbele na nyuma, akamfuta, akamgeuza kichwa chini, akamrudisha mahali pake, akafunika. Aliniuliza kama nina gundi. Nikamwambia huyu hapakwi. Akamnyanyua yule mwanamke sikioni akamtikisa polepole, nasi wote wawili tukamsikia mtoto, anagonga ndani, huku na huku.